Kompyuta inaganda kila diski inapofanya kazi nzito, na prosesa iko 12% tu. Tatizo ni nini hasa?

#1 Mkokotoo
Wakuu salaam. Mashine ni ya mezani: prosesa ya kore 4 nyuzi 8, RAM GB 8. Mifumo ni miwili, Windows 10 na Linux, yote iko kwenye SSD ya SATA ya GB 480. Data ziko kwenye diski ngumu ya TB 4 ya mizunguko 5400.

Dalili: nikifungua faili la zipu la GB 30 lililo kwenye diski ngumu, na yaliyomo yakaandikwa humo humo, dakika za mwanzo mambo ni shwari. Baadaye mashine inakuwa nzito. Kishale kinatembea lakini dirisha halifunguki, kivinjari kinageuka cheupe, muziki unakatika-katika. Task Manager inaonyesha diski 100%, prosesa 12%. Kwenye Linux ni yale yale. Kazi ikiisha, mashine inakuwa nyepesi tena.

Prosesa ina nafasi yote hiyo, kwa nini mashine nzima isimame kusubiri diski moja ambayo hata mfumo haumo ndani yake? Natanguliza shukrani.

#2 Tumbili404
Nimekaa paleee. Namsubiri wa "ongeza RAM".

#3 SektaMbovu
Ongeza RAM.

#4 NyundoYaBiti
Kabla ya RAM, tupige hesabu ya diski. Mizunguko 5400 kwa dakika ni 90 kwa sekunde, yaani mzunguko mmoja unachukua milisekunde 11.1. Kwa wastani kichwa kinasubiri nusu mzunguko, 5.6. Ongeza muda wa kichwa kuhama kutoka njia moja hadi nyingine, weka 10 hivi. Jumla ni milisekunde 15 au 16 kwa kila ombi lililo mbali na lililopita. Hiyo ni maombi 60 na kitu kwa sekunde. Kama kila ombi ni KB 4, unapata takriban KB 250 kwa sekunde kutoka diski ile ile inayosoma zaidi ya MB 100 kwa sekunde data zikiwa zimepangana.

Wewe unaisomesha zipu na kuiandikisha matokeo kwa wakati mmoja, kwenye sahani zile zile. Kichwa hakitulii. Soma kutoka diski ngumu, andika kwenye SSD, uone tofauti.

#5 BiKeneli
Hesabu ni sahihi, Nyundo, lakini haijibu alichouliza. Inaeleza kwa nini kufungua zipu kunachelewa. Haielezi kwa nini muziki unakatika. Mfumo uko SSD, programu ziko SSD. Ombi linalosubiri diski ngumu halipaswi kumzuia asiyeihitaji diski hiyo.

Kwa hiyo tuanze na swali hili: nani mwingine anaigusa diski ngumu bila wewe kujua? Kwenye Linux:

swapon --show
findmnt /home
lsblk -o NAME,ROTA,SCHED,MOUNTPOINT

Kwenye Windows angalia faili la kurasa, yaani pagefile.sys linalobeba yanayozidi RAM, liko diski gani. Watu wengi hulihamishia D: "kuiokoa SSD". Matokeo yake kumbukumbu ikibana kidogo tu, mfumo mzima unapanga foleni kwenye diski ya maombi 60 kwa sekunde.

#6 SektaMbovu
Si ndiyo nimesema RAM?

#7 BiKeneli
Hukupima, umesema tu. Kumbukumbu inapimwa hivi: washa `vmstat 1` mashine ikiwa imeganda. Safu za `si` na `so` (kurasa za kumbukumbu zinazosomwa na kuandikwa kwenye swapu, eneo la diski linaloisaidia RAM) zikibaki 0, hakuna kuhamisha kurasa, na RAM mpya haitaondoa kuganda huku. Zikiwa maelfu mfululizo, uko sahihi. Windows: fungua resmon, kichupo cha kumbukumbu, safu ya Hard Faults/sec. Kupanda kidogo ni kawaida kwa sababu hata programu inapofunguka mara ya kwanza inahesabiwa hapo. Kinachotisha ni mamia yasiyoshuka.

#8 Kigae
Hiyo 12% msiiruke wakuu. Nyuzi 8, kwa hiyo uzi mmoja ni 12.5%. Kinachosomeka kama prosesa iliyolala kinaweza kuwa uzi mmoja uliojaa mpaka juu na saba zinazosubiri. Programu nyingi za kufungua zipu zinatumia uzi mmoja. Antivairasi nayo ikikagua kila faili linalozaliwa, kazi inapanga mstari. Bonyeza kulia kwenye grafu ya prosesa, chagua ionyeshe kila uzi peke yake, kisha useme kama upo uliojaa.

Kama zipu ina faili ndogo laki kadhaa, kwa majaribio tu iondoe folda hiyo kwenye ukaguzi wa papo kwa papo, pima, halafu irudishe. Usisahau kuirudisha.

#9 Tumbili404
Kigae, antivairasi ya Windows ndiyo inayogandisha na Linux? Ina mkono mrefu sana hiyo.

#10 Kigae
Si lazima sababu iwe moja pande zote mbili. Mifumo miwili inaweza kuonyesha dalili moja kwa njia mbili tofauti.

#11 MzeeWaKebo
Mnazunguka mbali. Badilisha kebo. Kebo ya SATA ya zamani ni ya gigabiti 3, diski yako inataka 6.

#12 NyundoYaBiti
Mzee, hapo sikubaliani nawe. Kebo za SATA za gigabiti 3 na za 6 zimejengwa kwa vipimo vile vile; iliyo nzima inabeba zote mbili. Na hata kiungo kikishuka hadi gigabiti 1.5 bado kinapitisha karibu MB 150 kwa sekunde, kiasi ambacho diski ya 5400 haikipiti kwa tofauti kubwa. Kebo mbovu ina madhara, ila hayo si yake. Data zinafika zimeharibika, ukaguzi wa CRC unazikataa, zinatumwa tena, na hali ikizidi kiungo kinawashwa upya huku kila ombi likisubiri.

Ushahidi unapatikana kwa:

smartctl -a /dev/sdb

Tazama namba hizi, safu ya mwisho, thamani ghafi: 5 ni sekta zilizohamishwa, 197 ni zinazosubiri kuamuliwa, 198 ni zilizoshindikana kabisa, 199 ni makosa ya CRC. Ya 199 ikiongezeka, shuku kebo au tundu lake. Ya 197 ikipanda, nakili data zako leo, mengine baadaye.

Kisha `dmesg -T | grep -i ata` na utafute "hard resetting link". Upande wa Windows ni Event Viewer, kumbukumbu za System: tukio 129 ni kifaa kuwashwa upya baada ya kukaa kimya mno, 153 ni ombi lililorudiwa, 7 ni sekta mbovu.

#13 MzeeWaKebo
Nimekubali hiyo ya gigabiti. Kebo bado abadilishe.

#14 Mkokotoo
Asanteni. Haya ni matokeo, Linux, mashine ikiwa imeganda:

vmstat: si 0, so 0, b kati ya 3 na 6, wa 40 hivi
iostat -x 1, SSD: w_await 1.8, %util 4
iostat -x 1, diski ngumu: w/s 23, wareq-sz 400, w_await 2800, aqu-sz 64, %util 100
smartctl: 5 ni 0, 197 ni 0, 198 ni 0, 199 ni 41
dmesg: hakuna kiungo kilichowashwa upya
kipangaji cha maombi ya diski: bfq
swapu: iko SSD
/home: iko diski ngumu

Kasi inaanza kama MB 140 kwa sekunde, baada ya GB kadhaa inaporomoka hadi 9 na kukaa hapo. Upande wa Windows faili la kurasa liko C:, na hakuna tukio 129 wala 153. Grafu ya nyuzi: upo mmoja uliojaa mwanzoni, kasi ikiporomoka unashuka na nyuzi zote zinakuwa chini.

#15 SektaMbovu
Naondoa hoja ya RAM. Kwa sasa.

#16 BiKeneli
Sasa tuna cha kusoma. Foleni ya 64 (aqu-sz) ikigawanywa kwa sekunde 2.8 za kusubiri (w_await) inatoa maombi 23 kwa sekunde, na 23 mara KB 400 ni MB 9 na kidogo. Namba zinakubaliana, kwa hiyo iostat haikudanganyi: kila andiko linasubiri karibu sekunde tatu.

Na /home, folda ya faili zako na mipangilio ya programu, iko huko. Hicho ndicho chanzo cha kivinjari kuwa cheupe. Kivinjari kinaandika historia na vidakuzi kwenye hifadhidata ndogo za SQLite ndani ya /home, na kila mara kinaomba fsync, yaani "nihakikishie imefika kwenye diski ndipo niendelee". Fsync moja ikikaa nyuma ya foleni ya sekunde 2.8, na jarida la ext4 (mfumo wa faili wa Linux) likiwa na yake ya kumaliza kwanza, utasubiri sekunde kadhaa kwa kubonyeza kiungo kimoja.

#17 FundiSahani
MB 140 halafu 9 halafu inabaki 9. Hiyo ni SMR, naweza kuweka dau.

Kwa wasioijua: kwenye diski hizi njia za data zinalaliana kama mabati ya paa, ili ziingie nyingi. Kusoma hakuna shida. Kuandika upya njia ya katikati kunafuta ya jirani, kwa hiyo diski inalazimika kusoma ukanda mzima, wa makumi au mamia ya MB, kubadilisha kipande, na kuuandika wote tena. Ili usilione hilo, mtengenezaji anaacha eneo la kawaida pembeni linalopokea maandiko kwanza, na diski inapanga mambo yake ikipata nafasi. Kazi fupi inaishia kwenye eneo hilo na unaona kasi nzuri. Kazi ndefu inalijaza, na kuanzia hapo unalipa gharama halisi.

Mwaka 2020 Western Digital ilikiri kwamba baadhi ya diski zake za WD Red, zile zenye EFAX kwenye namba ya modeli kuanzia TB 2 hadi 6, ni SMR, wakati EFRX za kabla yake hazikuwa hivyo. Lebo haikusema kitu. Soma namba ya modeli kwenye `smartctl -i`, kisha tafuta waraka wa mtengenezaji.

#18 Tumbili404
Nimeangalia yangu: `cat /sys/block/sdb/queue/zoned` inasema none. Niko salama, naenda kulala.

#19 FundiSahani
Amka. Zile SMR zinazojisimamia zenyewe zinasema none pia, kwa sababu zimetengenezwa ili mfumo usijue. Faili hilo linakuonyesha zile tu zinazojitangaza.

Dalili bora ni `lsblk -D`. Diski ngumu ikionyesha DISC-GRAN isiyo 0B, maana yake inapokea TRIM (amri ya kuiambia diski data zipi zimefutwa), na diski ya kawaida ya sahani haina sababu ya kuitaka. Ila ikionyesha 0B haijasafishwa. Zipo SMR zisizoipokea. Kipimo cha uhakika zaidi ni tabia: andika data mfululizo mpaka kasi iporomoke, simamisha, iache ikiwa na umeme bila kazi kwa saa moja hivi, andika tena. Ikirudi 140 kisha ikaporomoka tena, hilo ni eneo la mapokezi lililopata muda wa kujisafisha. Ukiishika kwa mkono wakati huo utahisi kichwa kinafanya kazi ingawa iostat inasoma sifuri.

#20 NyundoYaBiti
SMR inawezekana, lakini mporomoko wa kasi baada ya GB kadhaa una maelezo mengine: bafa ya Linux. Maandiko yanaingia RAM kwanza. vm.dirty_ratio, asilimia ya kumbukumbu inayoruhusiwa kushika maandiko yasiyomwagwa, kwa kawaida ni 20, na 20% ya GB 8 ni GB 1.6. Mpaka zijae unaona kasi ya RAM, zikijaa unaiona diski yenyewe.

#21 BiKeneli
Masahihisho mawili. Kwanza, asilimia hiyo haihesabiwi kwenye RAM yote bali kwenye kumbukumbu inayopatikana, yaani iliyo wazi pamoja na kache ya faili inayoweza kuachiwa. Programu zikishika GB 3, unabaki na 5, na 20% yake ni GB 1 hivi. Pili, bafa ya GB 1 haiwezi kuficha kuporomoka kunakokuja baada ya "GB kadhaa".

Lakini bafa inazidisha maumivu kweli. GB 1 kwa MB 9 kwa sekunde ni karibu dakika 2 za kumwaga. Ukomo ukifikiwa, kernel (kiini cha mfumo) inaanza kuzisimamisha programu zinazoandika. Punguza kiasi kinachoruhusiwa kulundikana:

sysctl -w vm.dirty_background_bytes=67108864
sysctl -w vm.dirty_bytes=268435456

Hizo ni MB 64 na MB 256. Ukiweka za bytes, zile za ratio zinasoma 0, usishtuke. Zikikufaa ziandike kwenye faili ndani ya /etc/sysctl.d, la sivyo zinapotea ukiwasha upya.

#22 KopoLaRAM
Kwani bfq si ndiyo kipangaji cha kuondoa haya? `ionice -c3` (kipaumbele cha mwisho kwenye diski) kwenye programu ya zipu, kazi kwisha.

#23 FundiSahani
Bfq inapanga nani aingie kwanza. Haina amri juu ya kinachotokea ndani ya diski. SMR ikiamua kupanga upya ukanda wake, ombi la kivinjari likiwa la kwanza kwenye mstari bado linasubiri mlango ufunguliwe. Kumbuka pia maandiko mengi yanamwagwa baadaye na nyuzi za kernel, si na programu yenyewe, hivyo ionice kwenye programu huenda isiyaguse.

#24 KopoLaRAM
Basi anunue SSD ya TB 4 tuufunge huu uzi.

#25 Kigae
Ataleta uzi mwingine. SSD za bei ya chini za QLC (chembe moja inabeba biti nne) zina ugonjwa unaofanana: sehemu ya chembe zake inaandikwa biti moja moja kama kache ya haraka, na ikijaa, nyingine zinashuka hadi chini ya kasi ya diski ngumu. Kadiri SSD inavyojaa data, ndivyo kache hiyo inavyosinyaa. Akinunua aache nafasi wazi, na ahakikishe TRIM inafanya kazi: Windows ni `fsutil behavior query DisableDeleteNotify`, jibu 0 maana yake imewashwa. Linux ni `systemctl status fstrim.timer`.

#26 SektaMbovu
Na aifanyie defrag (kupanga upya vipande vya faili) kila wiki.

#27 Kigae
SSD? Huyu tumwekee kufuli.

#28 MzeeWaKebo
Mbona hakuna aliyeigusa ile 41 ya CRC?

#29 NyundoYaBiti
Kaunta ya 199 hairudi nyuma. 41 inaweza kuwa ya kebo iliyolegea zamani sana. Muhimu ni kama inaongezeka. Andika namba, badilisha kebo na tundu kwenye madabodi, endesha kazi ile ile, soma tena.

#30 Mkokotoo
Nimerudi. Kebo mpya, tundu jipya: 199 imebaki 41, kuganda kuko pale pale. `lsblk -D` inaonyesha 0B. Nikiipumzisha diski, 140 inarudi kisha inaporomoka. Wasifu wa kivinjari nimeuhamishia SSD na dirty_bytes nimeweka: Linux sasa inatumika vizuri zipu ikiendelea, ingawa zipu yenyewe bado ni kobe.

Windows, muziki bado unakatika. Faili za muziki ziko SSD, na hakuna kinachoziunganisha na diski ngumu.

#31 FundiSahani
Kasi kurudi baada ya kupumzika, mimi nimeridhika. SMR.

#32 BiKeneli
Mimi nusu. Diski iliyogawanyika vipande na kukaribia kujaa nayo inashuka, kwa sababu njia za ndani ya sahani zina kasi ndogo kuliko za nje, ila haishuki mara 15. Mkokotoo, imejaa kiasi gani?

#33 Mkokotoo
87%.

#34 Kigae
Sauti ni kesi yake. Sauti inahitaji prosesa iitikie ndani ya milisekunde chache. Kuna draiva inayoshikilia prosesa bila kuachia. Weka LatencyMon (programu inayoonyesha draiva zinazochelewesha prosesa), iache dakika 10 mashine ikiwa imetulia, kisha dakika 10 zipu ikifunguka, linganisha orodha ya draiva. Ikitajwa storport.sys au storahci.sys, angalia draiva ya kidhibiti cha SATA: iwe ile ya Microsoft au ya mtengenezaji wa chipuseti, ujaribu nyingine. Ikitajwa ndis.sys, ni upande wa mtandao, diski inasingiziwa.

#35 NyundoYaBiti
Nyongeza: Windows jaribu na diski ngumu ikiwa imechomolewa kabisa, umeme na kebo, zipu ikifunguliwa kutoka SSD kwenda SSD. Muziki ukikatika hata hapo, FundiSahani atakuwa na haki kuhusu kasi na hana haki kuhusu sauti.

#36 Mkokotoo
Nimechomoa. Muziki unakatika bado, ila mara chache zaidi. LatencyMon imeweka ndis.sys juu, storport.sys ya pili, hazijaachana sana.

#37 MzeeWaKebo
Kebo ya mtandao umeiangalia?

#38 Kigae
Mzee 😂 Ila usimcheke sana. Zima kadi ya mtandao kwenye Device Manager, rudia kipimo. Storport ikibaki peke yake juu, zima pia upunguzaji wa umeme kwa viungo vya SATA kwenye Power Options, sehemu ya PCI Express na ya diski pia, kisha leta orodha mpya.

#39 SektaMbovu
Na RAM ni kijiti kimoja au viwili?

#40 Mkokotoo
Kimoja cha GB 8. Usianze.